Ziwa Limejaa, Bonde Limekauka

Hotuba hii niliitoa mbele ya wazee, wafugaji, wavuvi, maafisa wa maji na wanafunzi wa bonde la Ziwa Turkana. Wengi ambao hawakuweza kufika wameomba niiweke yote, nami nimeiweka. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, ndugu wavuvi, ndugu wafugaji, wanafunzi wangu: hamjambo?

Kabla sijasema lolote, naomba mniinulie mikono. Kati ya vuli ya 2020 na mwisho wa 2022, nani hapa alipoteza mbuzi, ng'ombe au ngamia kwa ukame? Inueni juu. Asanteni. Na katika miaka hiyo hiyo, nani aliona ziwa likimfuata hadi mlangoni, likameza nyumba, au duka, au mahali pa kuanikia samaki? Inueni. Sasa tazamaneni.

Mmeona? Watu wa bonde moja, miaka ile ile. Huyu alililia maji, yule alilia kwa sababu ya maji.

Ukame ule tunaukumbuka wote. Misimu 5 ilishindwa mfululizo: vuli ya 2020, masika ya 2021, vuli ya 2021, masika ya 2022, vuli ya 2022. Kwa zaidi ya miaka 40 Pembe ya Afrika haikuwa imepata mfululizo kama huo. Mifugo ilikufa kwa mamilioni, kaskazini mwa Kenya, kusini mwa Ethiopia na Somalia. Na Ziwa Turkana je? Lilikuwa limefura. Mvua kubwa za mwisho wa 2019 na za 2020 zilikuwa zimelijaza, na maji yalibaki juu. Ndugu zetu Waelmolo wa Loiyangalani walishuhudia njia waliyokuwa wakipita kwa miguu kwenda kijiji chao cha Komote ikifunikwa, na maji yakafikia hata makaburi ya wazee wao.

Sasa niambieni. Mtu aliyekaa ofisini, mbali na hapa, akafungua picha moja ya ziwa hili iliyopigwa mwaka 2022, angesema nini? Angesema huko kuna neema. Angeona maji yametanuka, ufuo umesogea, angefunga faili na kwenda zake. Na wakati huo, kilomita 50 tu kutoka ufuoni, mama anachimba mchanga wa lugga, mto uliokauka, akitafuta maji ya kunywesha watoto.

Hilo ndilo neno langu la leo. Tusipime ukame kwa kulitazama ziwa. Tulitazame bonde.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Leo tuna macho mengi angani kuliko wakati wowote tangu dunia iumbwe, na mimi nasema mwenye macho anaambiwa. Aambiwe atazame wapi, atazame lini, na akishaona afanye nini.

Kwa nini ziwa linatudanganya? Ziwa hili halina mto unaotoka. Maji yake yana njia moja ya kuondoka, nayo ni kupanda hewani, na jua la hapa hunyonya zaidi ya mita 2 za maji kila mwaka. Kinachorudisha maji hayo ni Mto Omo, unaoleta zaidi ya asilimia 80 ya maji yote yanayoingia. Turkwel na Kerio huchangia kidogo, tena kwa msimu. Na Omo unapata wapi maji yake? Nyanda za juu za Ethiopia, mamia ya kilomita kutoka hapa, kwa mvua zenye kalenda yake, ambazo hunyesha zaidi kati ya Juni na Septemba. Kwa hiyo unapolitazama ziwa unasoma habari za mvua ya kwa jirani, tena ya miezi iliyopita, pengine ya miaka iliyopita. Kwa mvuvi huenda zikawa habari njema. Mbuzi wa Lokitaung hazimsaidii kitu.

Ndugu zangu, ukame hauji kwa siku moja. Unatembea. Na kila hatua yake ina jicho linaloweza kuiona kutoka juu, tukijua kulitumia.

Hatua ya kwanza ni mvua kukosekana. Vituo vya kupimia mvua katika bonde hili ni vichache mno, na baina ya kimoja na kingine kuna nchi nzima ya nyika. Ndiyo maana tunategemea kumbukumbu za mvua kama CHIRPS, inayoanzia mwaka 1981. Setilaiti hupima ubaridi wa vilele vya mawingu, kwa sababu wingu lenye mvua kubwa hupanda juu sana hadi kwenye baridi kali. Makadirio hayo husahihishwa kwa vipimo vya vituo vichache vilivyopo ardhini. Ramani inayopatikana ina miraba yenye upande wa kilomita 5 hivi. Haitakwambia kama mvua ilinyesha kwenye boma lako ikaliruka la shemeji yako. Lakini itakwambia kama wadi nzima imekosa.

Baada ya mvua kukosekana, udongo unakauka. Hapo pana setilaiti ya SMAP, iliyorushwa Januari 2015, inayosikiliza mawimbi dhaifu yanayotoka ardhini na kukadiria unyevu. Inasoma sentimita 5 za juu tu. Sitakaa sana hapo.

Nataka nikae kwenye hatua ya tatu: majani. Jani lenye afya hula mwanga mwekundu ili lijitengenezee chakula, na hurudisha angani mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu haliuoni. Jani lenye kiu hubadilika kidogo kidogo. Halili tena ule mwanga mwekundu kama zamani, na infraredi inayorudi inapungua. Setilaiti hupima mianga hiyo miwili, na kutokana na tofauti yake tunapata namba inayoitwa NDVI, ambayo haizidi 1. Msitu mnene hupita 0.8. Nyika yetu hata mwaka wa neema haifiki huko.

Na hapa wengi huteleza. Mtu anaona namba ya Turkana iko chini, anatangaza ukame. Mwingine anaona ya Kitale iko juu, anasema huko hakuna tatizo. Jamani, mzee aliyekuwa mwembamba tangu ujana wake si mgonjwa kwa sababu jirani yake ni mnene. Daktari humuuliza: wewe mwenyewe ulikuwa na uzito gani mwaka jana?

Ndivyo alivyofikiri Felix Kogan, mwanasayansi wa Marekani aliyetuletea kipimo kinachoitwa VCI. Chukua Loima, hapa Turkana, mwezi wa tano. Tafuta hali mbaya kuliko zote iliyowahi kuonekana Loima mwezi wa tano katika kumbukumbu yote, iite 0. Tafuta hali bora kuliko zote, iite 100. Mwaka huu umeangukia wapi? Ukiwa juu ya 50, uoto ni mzuri kuliko kawaida. Kati ya 35 na 50 ni kawaida. Chini ya 35 ukame umeanza, chini ya 20 umekuwa mkali, chini ya 10 ni ukame uliokithiri. Ndizo namba zilizomo katika taarifa za kila mwezi za Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA. Kila kaunti kame ina taarifa yake. Loima inalinganishwa na Loima. Kibish inalinganishwa na Kibish.

Wanafunzi, sikilizeni hili. Kipimo cha namna hiyo hakiwezekani bila kumbukumbu ndefu. Ukiwa na picha za miaka miwili huna kawaida, una miaka miwili tu. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa Julai 1972, na ukoo huo umepiga picha za dunia hadi leo bila kukatika. Lakini kwa miaka mingi picha hizo ziliuzwa. Picha moja ya Landsat 7 ilikuwa dola 600 za Marekani. Nani katika bonde hili angenunua picha 20 za mwaka mmoja? Mwaka 2008 Wamarekani wakafungua ghala lote bure kwa kila mtu duniani. Ulaya nao wakafuata, na setilaiti zao za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa 2015, hutupa picha ambazo kila nukta yake ni mita 10 za ardhi, kila baada ya siku 5, bila malipo. Kwangu mimi, uamuzi ule wa 2008 umemsaidia mtu wa nyika kuliko chombo chochote kipya kilichorushwa tangu hapo. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti anaona leo kile ambacho miaka 20 iliyopita mawaziri hawakukiona.

Sasa nihamie jambo la pili, na kwa hili nitawapeleka Ziwa Victoria.

Kati ya 2003 na 2006 Ziwa Victoria lilishuka kwa kasi. Ni ziwa la kilomita za mraba 68,800, kwa hiyo kila sentimita inayoshuka ni maji mengi mno. Mwaka 2006 lilifika chini kuliko wakati wowote tangu 1923. Mitumbwi ikakwama kwenye tope, na mabomba ya miji yakabaki yananing'inia juu ya maji. Kila mtu akasema: ni ukame. Na kweli mvua ilikuwa imepungua. Lakini je, ni ukame peke yake?

Pale Jinja, Uganda, ziwa linapotoa Nile, kuna bwawa la tangu 1954, na pembeni yake likaongezwa jingine, Kiira, mnamo 2000. Kulikuwa na makubaliano ya tangu zama za ukoloni kwamba maji yanayoachiliwa yalingane na yale ambayo maporomoko yenyewe yangeachilia kabla bwawa halijajengwa. Makubaliano yalikuwa kwenye karatasi. Takwimu za maji yaliyoachiliwa hazikuwa wazi kwa umma.

Lakini juu yetu zilikuwa zikipita setilaiti za TOPEX/Poseidon na Jason, zilizotengenezwa kupima kimo cha uso wa bahari. Hutuma mawimbi ya rada chini, huhesabu muda yanaochukua kurudi, na hivyo hujua uso wa maji uko wapi, kila baada ya siku 10. Zilikuwa zinapita juu ya Victoria. Zilikuwa zinapita pia juu ya Tanganyika na juu ya Malawi. Watafiti wakaweka maziwa haya pamoja, wakaongeza vipimo vya mvua, wakaongeza na vya GRACE, zile setilaiti mbili zilizorushwa 2002, zilizokuwa zikifuatana angani na kuhisi uzito wa maji chini yake. Jibu? Karibu nusu ya kushuka kwa Ziwa Victoria ilitokana na ukame. Nusu nyingine ilipita kwenye mitambo ya umeme.

Mnaona kwa nini nimewasimulia hilo? Ukame una mzigo wake wa kutosha. Tusimbebeshe na mzigo wa watu. Pale tunaposema "ni ukame" bila kupima, tunamwondolea lawama aliyefungua lango.

Na sisi tumeyaona. Mwaka 2015 Ethiopia ilipoanza kujaza bwawa la Gibe III kwenye Mto Omo, uso wa Ziwa Turkana ulishuka zaidi ya mita 1 katika muda mfupi, na altimita za angani, zile setilaiti za kupima uso wa maji kwa rada, zilirekodi yote. Hazikuhitaji kibali cha serikali yoyote. Hazikuhitaji kuvuka mpaka. Afisa wa maji aliyeko hapa anaweza kuziweka grafu tatu kwenye ukurasa mmoja: mvua ya nyanda za juu za Omo, uso wa ziwa, na uoto wa nyika ya Turkana. Zikishuka zote tatu, ni ukame wa bonde zima. Ikishuka ya ziwa huku mvua ya Omo iko sawa, basi kuna mtu ameyashika maji. Ikishuka ya uoto huku ziwa linapanda, tumerudi 2022. Grafu tatu! Na data zake zote ni za bure. Kwa nini bado hazimo kwenye meza ya kila mkutano wa maji wa bonde hili?

Jambo la tatu ni gumu zaidi kwangu, kwa sababu kazi yangu ni kusoma picha hizi na ninazipenda. Picha ya setilaiti haisemi uongo, lakini msomaji wake anaweza kuusema.

Nani hajaziona zile picha za Ziwa Chad? Zinawekwa pamoja, ya 1963 na ya miaka ya 1980 au baadaye. Mwaka 1963 ziwa lina kilomita za mraba kama 25,000. Katikati ya miaka ya 1980, baada ya ukame mkubwa wa Saheli, maji ya wazi hayafiki 2,000. Tumeziona darasani, tumeziona kwenye magazeti, viongozi wamezionyesha kwenye mikutano mikubwa. Ziwa limekufa, tukaambiwa. Limepotea kwa asilimia 90.

Ukame ule ulikuwa wa kweli na uliua watu. Sitaki mtu aondoke hapa akisema nimeukana. Lakini ziulizeni picha zile maswali mawili. La kwanza: kwa nini mmeanzia 1963? Miaka ya 1960 ilikuwa mwisho wa kipindi cha mvua nyingi. Ukianzia kileleni, kila hatua ni mteremko. Swali la pili: mmehesabu nini? Mmehesabu maji ya wazi. Lakini ziwa lile ni la kina kifupi, na lilipopungua matete na mafunjo yalitanda juu yake. Kwa picha ya kawaida pale panaonekana kijani kama nchi kavu, kumbe chini ya kijani kuna maji.

Hapo rada ndiyo inayotufumbua macho. Rada, kama ile ya Sentinel-1 iliyorushwa 2014, haingoji mwanga wa jua. Hutuma mawimbi yake yenyewe, hupenya mawingu, hufanya kazi usiku. Maji ya wazi huyarusha mawimbi upande wa pili, kwa hiyo huonekana meusi. Maji yaliyosimama kati ya mashina huyagonga mawimbi mara mbili, kwenye maji na kwenye shina, yakarudi kwa nguvu, na mahali pale pakang'aa. Rada zenye mawimbi marefu zaidi huliona hilo vizuri hata kwenye matete mazito. Watafiti walipojumlisha maji ya wazi, maji yaliyofunikwa na yale ya chini ya ardhi, wakatoa matokeo yao mwaka 2020: ziwa hilo halisinyai tena, na limekuwa likijirudi tangu miaka ya 1990. Mwaka 2022, na tena 2024, mito Chari na Logone inayolilisha ziwa hilo ilifurika hadi jiji la N'Djamena likaingiwa na maji. Hata hivyo mwaka 2018, katika mkutano wa Abuja, viongozi walikuwa wameunga mkono mpango wa kuhamisha maji kutoka bonde la Kongo ili kuliokoa ziwa. Mpango mkubwa hivyo, juu ya picha mbili!

Na sisi tuna Chad yetu. Inaitwa mathenge, mti unaotudanganya kwa kijani chake. Hapa mnaiita etirae.

Mathenge ililetwa kwa nia njema, kuzuia jangwa na kutupatia kuni. Mizizi yake hushuka hadi kwenye maji ya chini kabisa. Nyasi zinakufa, mathenge iko kijani. Ng'ombe wanakufa, mathenge iko kijani. Maganda yake matamu yanaoza meno ya mbuzi, na huko Baringo wananchi walifika mahakamani kuishtaki serikali kwa sababu ya mti huo. Setilaiti ikipita juu ya kingo za Turkwel inaona nini? Inaona kijani. NDVI inapanda. Pikseli, yaani nukta moja ya picha, ya mita 250, ambayo ndiyo kipimo cha setilaiti zilizotumika zaidi kwa kazi hii, inachanganya kila kitu kilichomo ndani ya hekta 6 kuwa namba moja. Mathenge nusu na mchanga nusu, inasema: hali si mbaya.

Mzee mmoja mfugaji niliyemwonyesha ramani ya aina hiyo aliitazama kwa muda, akaweka kidole kwenye sehemu ya kijani, akaniuliza: "Na hii, nani anaila?" Profesa yeyote angejivunia swali hilo. Kijani si malisho. Kwa hiyo kila ramani ya uoto ya bonde hili lazima kwanza itolewe mathenge, na hilo linawezekana: unachukua picha za kiangazi kikali, kinachobaki kijani wakati kila kitu kimekufa unakitia alama, halafu unatuma watu wakahakikishe kwa miguu.

Kwa miguu, ndugu zangu. Nalirudia kwa sababu vijana wetu wanapenda kudhani kompyuta imemaliza kazi ya miguu. NDMA ina watu wa nyanjani wanaouliza kaya zile zile kila mwezi: mnakamua maziwa kiasi gani, mnatembea umbali gani hadi majini, mbuzi mmoja ananunua mahindi kiasi gani. Wanapima mikono ya watoto kwa utepe. Hakuna setilaiti inayoona mkono wa mtoto. Setilaiti inatangulia kuona bonde lote, mtu wa miguu anathibitisha na kueleza. Mmoja akikosekana, mwingine ni nusu kipofu.

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Agosti 2010, FEWS NET, mtandao wa tahadhari ya njaa uliozaliwa 1985 baada ya njaa kubwa ya Ethiopia na Sudan, ulianza kuonya: La Niña, kule kupoa kwa Bahari ya Pasifiki kunakotupunguzia mvua, inakuja, vuli itaharibika. Vuli ikaharibika. Masika ya 2011 nayo ikaharibika. Maonyo yakaendelea kutoka, mwezi baada ya mwezi, yenye ramani za mvua na ramani za uoto. Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ukatangaza baa la njaa kusini mwa Somalia. Uchunguzi wa baadaye ulikadiria kwamba walikufa watu 258,000. Zaidi ya nusu walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Maonyo Agosti. Fedha nyingi zikaanza kumiminika Julai ya mwaka uliofuata. Karibu mwaka mzima!

Na hapa kwetu je? Mnakumbuka mchango wa Kenyans for Kenya. Wakenya waliona kwenye televisheni picha za watoto na wazee wa Turkana waliobaki mifupa, wakatoa kwa simu zao, shilingi mia, shilingi hamsini, hadi zikafika mamia ya mamilioni. Nawashukuru hadi leo, wale walikuwa watu wenye utu. Lakini nisaidieni kujibu swali hili. Picha ya kwanza ya ukame ule ilikuwapo miezi mingi kabla. Ilikuwa ramani ya nyika iliyogeuka kutoka kijani kuwa kahawia. Haikumtoa mtu machozi. Haikumtoa mtu shilingi. Kwa nini tungoje hadi picha iwe ya mtoto?

Kwa hiyo jambo la nne, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: fedha ifungwe kwenye namba kabla ya ukame kufika. Watu wasiketi kubishana wakati mbuzi wanakufa.

Na hili si ndoto. Kuanzia Januari 2010, upande wa mashariki wa ziwa, Marsabit, watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na wenzao walianzisha bima ya mifugo inayolipa kwa kipimo cha uoto. Hakuna anayekuja kuhesabu mizoga. NDVI ya eneo lako ikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, unalipwa. Oktoba 2011 wafugaji wa Marsabit walipokea malipo ya kwanza. Baadaye mpango ukaboreshwa: badala ya kulipa mnyama akishakufa, ulipe mapema mfugaji anunue nyasi na dawa, mnyama abaki hai. Mwaka 2015 serikali ikauleta mpango wake Turkana na Wajir. Na ule mpango wa fedha za kaya, HSNP, huongeza kaya za kulipwa VCI ikishuka chini ya 20, na huongeza zaidi ikishuka chini ya 10. Namba imeshuka, fedha imetoka.

Ina kasoro? Inazo. Kuna msimu ambao ramani ilisema afadhali wakati zizi la mtu lilikuwa tupu, naye hakulipwa. Ana haki ya kukasirika. Ndiyo maana nimesema tutoe mathenge kwenye ramani, ndiyo maana nimesema mtu wa miguu asikosekane. Na kuna la kuangalia mbele: setilaiti za Terra na Aqua, zilizotupa kumbukumbu ya uoto ya kila siku tangu 2000, zimezeeka na zinamaliza kazi. Warithi wao wapo angani tayari, lakini namba za chombo kipya hazilingani moja kwa moja na za chombo cha zamani. Bima yoyote, mpango wowote uliojengwa juu ya namba hizo, lazima ufanye ulinganisho huo sasa, kabla mfugaji hajaumizwa na tofauti ambayo hakuijua.

Mheshimiwa mwenyekiti, naomba nitaje ninayoyataka, kisha nikae. Taarifa ya ukame ya kila mwezi isiishie kwenye barua pepe za maofisini. Isomwe barazani, kwa Kiturkana, kwa Kielmolo pale inapowezekana, kwa Kidaasanach kule Ileret, na redio za hapa ziisome. Kila wadi iwe na kijana na mzee wawili wawili wanaopewa ramani hiyo mkononi waende wakaiulize ardhi: hapa kijani, je, ni nyasi au ni mathenge? Wapige picha kwa simu, wairudishe. Wenzetu wa chuo wapokee picha hizo na kusahihisha ramani, na wanaotembea walipwe, kwa sababu kazi yao ni kazi. Na maafisa wa maji, zile grafu tatu nazitaka ukutani kwenye mkutano wetu ujao: Omo, ziwa, nyika. Zisiposhuka pamoja, mtueleze kwa nini.

Nimemaliza yangu. Najua kuna maswali, na nimeona kina mama wa Kalokol wamekuwa wakinong'ona tangu nilipotaja ziwa kupanda. Tuanze na ninyi.